Mtoto Aijue Mikoa ya Nchi Yake



Mtoto wa darasa la tatu aweza kuitaja kwa pumzi moja mikoa yote 31 ya Tanzania, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, na bado asijue jua huchomoza upande gani wa shule yake. Huyo amekariri; hajajifunza.

Somo la mikoa halina budi kuanzia mlangoni pa darasa: kijiji, kata, wilaya, kisha mkoa. Kutoka hapo mtoto aongozwe na vitu anavyovijua. Chumvi ya Uvinza impeleke Kigoma, korosho zimpeleke Mtwara, karafuu zimpeleke Pemba. Ndipo atakapotambua kwamba watu asiowaona ni ndugu zake, na kwamba jasho lao humfikia.

Ramani za ukutani nazo zikaguliwe. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ramani isiyoionyesha Songwe humnyima mtoto wa Vwawa mkoa wake mwenyewe.

Wala mwalimu asikae akingoja ramani mpya. Kijiti na udongo wa uwanjani vyatosha kuichora nchi.