Tegu wa Mbwa na Mgonjwa Asiyeumwa



Leo nataka kusema nanyi juu ya tegu mdogo sana, asiyezidi punje ya mchele kwa urefu. Hukaa katika matumbo ya mbwa, wala mbwa mwenyewe haonekani kuugua. Mayai yake hutoka pamoja na mavi ya mbwa. Mtu akiyameza, kwa mikono michafu au katika maji, hapati tegu mrefu kama yule wa nyama mbichi ya ng'ombe; huota kifuko cha maji ndani ya mwili wake, mara nyingi katika ini, pengine katika mapafu.

Huko Turkana maradhi haya yamejulikana kuwa mengi kupita karibu mahali pote duniani. Mbwa hulala pamoja na watu, maji ya kunawa ni haba, na wanawake na watoto ndio walio karibu zaidi na mbwa. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuyazuia huko.

La kutisha ni upole wake. Kifuko hukua polepole, pengine sentimeta 1 tu kwa mwaka, bila maumivu. Mtu huchunga, huoa, huzaa, huku tumbo likijaa, na jirani husema, "Huyu ameshiba." Baada ya miaka mingi ndipo ini hubanwa, macho yakawa manjano, au kikohozi kikakataa kwisha.

Hapo wengine hutaka kukitoboa kifuko wenyewe. Msithubutu! Maji yake yakimwagika ndani, mgonjwa aweza kuzimia na kufa upesi. Na akipona, huota vifuko vingine. Daktari naye hutoboa, ni kweli, lakini huongoza sindano kwa mashine ya picha, na dawa za kumwokoa mgonjwa ziko tayari.

Aliyewahi hospitali ana tumaini jema. Vifuko vidogo hutibiwa kwa vidonge vya albendazoli kwa miezi kadhaa; vingine hunyonywa kwa sindano; vikubwa hupasuliwa. Vilivyokwisha kufa vyenyewe hutazamwa tu. Hata aliyepona yampasa kurudi kupigwa picha kwa miaka kadhaa, maana vifuko huweza kuota tena.

Mgonjwa hamwambukizi mwenziwe, basi msimtenge. Anayeeneza ni mbwa aliyetupiwa ini lenye kifuko siku ya kuchinja. Ini hilo lichomwe moto, au lifukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.