Mgeni Huketi Karibu na Mwanafunzi

Nasaha za mwanakwaya mkongwe katika ibada ya shukrani ya jubilii ya miaka 25



Nimepewa dakika tano niseme juu ya kurithishana uimbaji. Mimi ni mwimbaji wa besi, lakini leo nitaanza na wapiga tarumbeta.

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani hufanyika tamasha la bendi za vyombo vya kupuliza: filimbi, klarineti, saksofoni, tarumbeta, tromboni na tuba, pamoja na ngoma. Wanafunzi hufanya mazoezi, kisha chuo hualika wasanii mabingwa. Mgeni haji jioni tu, akapiga, akashangiliwa, akaondoka. Mchana huketi na wanafunzi. Mmoja husimama mbele ya wenzake na kupiga, naye mgeni humsahihisha: hapa umeinua mabega, vuta pumzi kwa tumbo, hapa umekata pumzi kabla wimbo haujatua. Jioni mgeni hupiga sehemu yake ya pekee, na bendi inayomsindikiza ni ya wanafunzi wale wale.

Mbona wajisumbue hivyo? Ni kwa sababu pumzi haiandikwi kwenye karatasi. Noti itakuambia upige sauti gani na kwa muda gani. Haitakuonyesha namna ya kuitunza pumzi mpaka mwisho wa mstari. Hilo hujifunza aliye karibu. Nasi wanakwaya tusisahau kwamba koo pia ni chombo cha pumzi.

Jambo la pili. Zamani bendi nyingi zilikuwa kubwa, watu wengi wakipiga mstari mmoja. Mwaka 1952 Frederick Fennell, mwalimu katika Eastman School of Music mjini Rochester, New York, alianzisha kundi dogo la wanafunzi ambamo, kwa kawaida, kila mstari ulikuwa na mpigaji mmoja. Vyuo vingine vingi vikafuata. Katika kundi kama hilo mwanafunzi hana wa kujificha nyuma yake. Asipoingia, pengo linasikika.

Sasa niungame. Kwa miaka mingi besi ya kwaya hii ilijificha nyuma yangu. Vijana walingoja niingie ndipo wafuate, nami nikidhani hiyo ndiyo heshima. Pasaka moja niliamka sauti imekauka. Nikaketi kwenye benchi, nikasikiliza wimbo tulioufanyia mazoezi tangu Januari ukifika pale ambapo besi huanza peke yake. Kimya. Mwalimu akainua mkono mara ya pili. Kimya. Soprano wakatuokoa kwa kurukia ubeti uliofuata.

Baada ya ibada watu walisema vijana wametuangusha. Si kweli. Mimi ndiye niliyewaangusha wao. Sikuwahi kunyamaza hata siku moja ya mazoezi ili waingie wenyewe, nami nikiwa karibu wa kuwasahihisha.

Kwa hiyo, wakongwe wenzangu, jubilii hii isiwe ya keki na sare mpya peke yake. Kuanzia mazoezi ya Jumamosi ijayo, kila mmoja wetu aketi katikati ya vijana wawili, si mbele yao. Na katika kila wimbo mpya, ubeti mmoja waimbe bila sisi. Wakikosea, wakosee Jumamosi tukiwapo.

Nanyi vijana, msituonee haya. Mkisikia jambo hamlielewi, tuulizeni. Tuulizeni tungali na pumzi.