Marufuku Isimame Sokoni: Mjadala wa Mboji ya Kinamasi



Septemba 2021 meli kutoka Latvia ilitia nanga Drogheda, nchini Ireland, ikiwa na tani 3,600 za mboji ya kinamasi kwa ajili ya wakulima wa bustani na uyoga. Mzigo huo ulifika katika nchi iliyojaa vinamasi, ambayo watu wake wameikata mboji hiyo na kuikausha iwe kuni kwa karne nyingi. Mwaka 2019 uamuzi wa Mahakama Kuu uliwabana wachimbaji wakubwa kwa masharti ya vibali, na Januari 2021 Bord na Móna, shirika la umma lililoijenga sekta hiyo, likatangaza kuachana na uchimbaji. Kuchimba kulibanwa, kuuza hakukuguswa. Shimo likahamia Latvia.

Mboji hii hutokea pale mimea, hasa kuvumwani wa jamii ya sifagnamu, inapokufa ndani ya maji yasiyo na hewa ya kutosha, ikakosa kuoza kikamilifu. Huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Kina cha mita 1 ni kazi ya miaka 1,000. Vinamasi vyake ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini vimehifadhi kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote. Mfereji ukichimbwa na maji yakatoka, hewa huingia, na kaboni huanza kupotea hata kabla mboji yenyewe haijabebwa.

Wakulima wanaoitumia wana hoja, na naumia wanapobezwa. Mboji hii ni nyepesi, hushika maji bila kuinyima mizizi hewa, na kwa kuwa karibu haina rutuba, mwenye kitalu hujipangia kipimo cha mbolea. Takataka za bustani zilizooza hutofautiana mfuko kwa mfuko. Usumba wa makumbi ya nazi usipooshwa chumvi huunguza miche. Anayetegemea miche laki moja hawezi kubahatisha.

Hata hivyo, utegemezi huu si wa kale. Mchanganyiko wa kupandia mimea wa John Innes, uliobuniwa Uingereza miaka ya 1930, ulikuwa na sehemu 7 za udongo, 3 za mboji na 2 za mchanga; msingi wake ulikuwa udongo, si mboji.

Mwaka 2011 serikali ya Uingereza iliweka lengo la hiari: bustani za nyumbani ziachane na mboji hiyo kufikia 2020. Lengo halikutimia. Mwaka 2022 ikaahidi kupiga marufuku uuzaji wake kwa bustani hizo kufikia 2024. Mwaka 2024 nao ukapita bila sheria. Kila ahadi inapoahirishwa, aliyetia fedha katika mbadala hupata hasara, na aliyengoja hupata faida. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Basi sheria izuie kuuza, popote mboji ilipochimbwa. Ianze na mifuko ya bustani za nyumbani. Wenye vitalu na wakulima wa uyoga wapewe muda zaidi, pamoja na fedha za utafiti. Na kabla sheria haijapita, kila mfuko uandikwe kiasi cha mboji kilichomo na nchi ilikotoka.