Kila Mteja Ana Saa Yake: Nasaha kwa Waokaji wa Nyumbani



Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo waokaji wa nyumbani huliuliza mara kwa mara: mteja mpya anapatikana wapi? Swali hili lina uzito kuliko linavyosikika. Katika mtaa mmoja mwaweza kuwa na majiko manne yanayokaanga maandazi ya aina moja na kuoka skonsi za aina moja, yakiwategemea majirani walewale. Jiko moja likipata mnunuzi, jiko la pili limempoteza, na ujirani wenyewe huanza kuingia doa.

Natoa mfano wa hesabu. Tuseme mkate mmoja unakugharimu shilingi 1,200 kwa unga, amira, sukari, mafuta na mkaa, nawe unauuza shilingi 1,500. Faida yako ni shilingi 300. Umeamka saa tisa usiku, ukaoka mikate 40, ukauza 30, na 10 ikabaki hadi ikaota ukungu. Faida ya ile 30 ni shilingi 9,000. Gharama ya ile 10 ni shilingi 12,000. Kutwa nzima umefanya kazi ukapata hasara ya shilingi 3,000. Lakini aliyeoka mikate 25 iliyoagizwa tangu jana yake amelala na faida ya shilingi 7,500. Tofauti yao ni kwamba huyu wa pili alimjua mnunuzi wake kabla ya kukanda unga.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mkate, hata kizuri hakina budi kutembezwa, kwa maana uzuri wake hudumu siku chache tu, hasa katika joto la tambarare zetu za Hedaru, Makanya na Ndungu. Neno langu la leo ni moja: kila mteja ana saa yake. Anayetaka mteja mpya aitafute kwanza saa hiyo, kisha apange jiko lake kuifuata.

Tuanze na barabara. Mji wa Same umekaa kwenye barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Moshi na Arusha. Abiria ana dakika chache za kununua, naye hamjui muuzaji. Huyo hununua kwa macho: kifungashio safi, jina la mwokaji na tarehe ya kuoka. Kumbukeni kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, hivyo mfungieni bidhaa yake katika mfuko wa karatasi.

Yako pia magari yetu ya milimani. Hushuka asubuhi na mapema kutoka Mamba, Gonja, Vudee na Chome, na hupanda alasiri. Anayeshuka hajanywa chai. Anayepanda anatafuta cha kuwapelekea watoto. Hao ni wateja wawili tofauti wa gari lilelile. Wa asubuhi anataka andazi la moto na kikombe cha chai. Wa alasiri anataka mkate mzima utakaofika nyumbani bila kubonyea. Siku za gulio watu hao huwa wengi zaidi.

Halafu iko kalenda ya ibada, ambayo wilaya yetu imejaliwa kuwa nayo kwa utajiri. Waadventista Wasabato wamekuwepo katika milima hii tangu 1903, walipofika Giti. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, na chakula chake huandaliwa mapema. Basi mwokaji wa Suji aliyechelewa hadi Jumamosi amechelewa wiki nzima. Siku yake ni Ijumaa asubuhi. Walutheri na Wakatoliki wana Jumapili yao, na hapa Same pana makao makuu ya dayosisi za makanisa yote mawili, ambako vikao na semina huhitaji vitafunwa. Waislamu wana Ramadhani, mwezi ambao andazi la asubuhi hupungua soko na la magharibi hupanda. Mkitumia mafuta ya mimea na kulisema hilo waziwazi, mtawahudumia wote bila kumtia yeyote shaka.

Usisahau shule, harusi, ubatizo na misiba, wala ndugu zetu wa mijini wanaopanda milimani mwisho wa mwaka. Wako pia wageni wanaoingia Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi kwa lango la Zange, kilomita chache kutoka mjini. Anayewaongoza anahitaji chakula cha kubeba. Keki iliyotiwa tangawizi ya Mamba Miamba itamwambia mgeni amefika wapi, nayo haifanani na keki ya mji mwingine wowote.

Sasa, mteja huombwaje? Nendeni wawili, mkiwa na sampuli na karatasi ya bei. Kwa mwalimu mkuu, kwa mwenye mgahawa au kwa katibu wa kanisa au msikiti, ulizeni mambo matatu: mnahitaji siku gani, saa ngapi, na kiasi gani? Andikeni jibu kwenye daftari mbele yake. Kwa keki ya sherehe, pokeeni malipo ya awali yanayotosha walau kununua vifaa. Kwa mwenye duka anayetaka mali kauli, kubalianeni siku ya kulipa kabla ya kumwachia mkate wa kwanza. Kisha timizeni ahadi. Mkate wa Jumanne ukiwa mdogo kuliko wa Jumatatu, mteja hatalalamika. Atahama kimya kimya.

Ndugu zangu, ziko huduma za umma zinazoweza kuwafikisha mbali zaidi. Mwoneni kwanza Afisa Afya, akague jiko na kuwaelekeza kuhusu upimaji wa afya za wanaoshika chakula. Anayetaka kuingiza bidhaa katika maduka makubwa aanzie SIDO, ambao humtambulisha mjasiriamali mdogo kwa Shirika la Viwango, TBS, ili aanze safari ya kupata alama ya ubora.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hata hivyo nawasihi, daftari la oda litangulie mkopo. Mkopo usio na riba bado ni deni, na mmoja akishindwa kulipa, wenzake wa kikundi hubeba mzigo wake. Oveni kubwa haileti wateja. Wateja ndio huifanya oveni kubwa iwe na maana.

Mwisho, sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa na kuingia katika mfumo wa NeST kinaweza kuomba zabuni. Majiko manne yanayogombea mtaa mmoja hayawezi kulisha semina ya watu 200. Yakiungana, yanaweza, na kila moja likabaki na wateja wake wa asubuhi.

Kabla ya kuwasha moto kesho, basi, kila mmoja aandike majina matatu ya watu au taasisi ambazo hajawahi kuziuzia, na mbele ya kila jina aandike siku na saa. Akikosa saa, aende akaulize.