Mzunguko Usipandishwe

Kila inapokaribia mechi kubwa wasemaji wa vilabu hutangaza viingilio, na macho ya wengi hukimbilia mstari wa mwisho, ule wa mzunguko, yaani majukwaa ya bei ya chini kabisa. Bei ya VIP A haiwahusu. Wanachotaka kujua ni kama safari hii mzunguko umebaki palepale au umepandishwa kwa sababu mgeni ni mkubwa. Hoja yangu leo ni kwamba mstari huo wa mwisho usiguswe, na sababu yangu si huruma. Mpira unaouzwa kwa televisheni na kwa wadhamini unatengenezwa na watu wawili: anayecheza na anayeshangilia. Wa kwanza analipwa mshahara. Wa pili analipa ili afanye kazi hiyo, kwa hiyo kiingilio nafuu ni haki yake.

Ushahidi wa jambo hili tuliupata mwaka 2020, wakati wa korona. Ligi Kuu ya England iliporejea tarehe 17 Juni, viwanja vilikuwa vitupu. Wachezaji walikuwa walewale, nyasi zilezile, kamera zilezile. Lakini televisheni ya Sky ikawawekea watazamaji kelele za mashabiki zilizorekodiwa, zilizotoka kwa kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa video wa FIFA. Mpira ulipoingia wavuni, fundi wa sauti alipandisha shangwe; ulipotoka nje kidogo, akaweka manung'uniko. Ligi ya soka tajiri kuliko zote duniani iligundua kwamba bila watu wa majukwaani bidhaa yake imepungua, ikalazimika kuwaigiza. Ukijua hivyo, huwezi tena kusema kwamba shabiki ni mteja tu anayekuja kununua kitu kilichokwisha tengenezwa.

England hiyohiyo inatufundisha jinsi bei inavyoweza kuponyoka. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya Aprili 1989, ambayo yaliua watu 97, Jaji Taylor alichunguza usalama wa viwanja, na katika ripoti yake ya Januari 1990 akapendekeza watu wakae vitini badala ya kusimama. Jaji huyo hakutaka viti viwe kisingizio cha kuwafukuza watu wa kipato cha chini. Alitoa mfano wa uwanja wa Ibrox kule Glasgow, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Viti vikawekwa, lile onyo likaachwa. Mwaka 2016 Liverpool wakatangaza kwamba katika jukwaa lao jipya kiti cha bei ya juu kitakuwa pauni 77 msimu unaofuata. Kweli, hicho kilikuwa kiti bora, na klabu ilisema kutakuwa na tiketi za pauni 9 pia, ingawa chache. Lakini tangu ripoti ya Taylor bei za bidhaa kwa jumla nchini humo zilikuwa zimepanda kama mara mbili tu, na hakuna hesabu ya mara mbili inayokufikisha 77 kutoka 6.

Tarehe 6 Februari mwaka huo, Liverpool wakiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland pale uwanjani kwao Anfield, ilipofika dakika ya 77 watu wapatao 10,000 waliinuka wakatoka nje. Timu ikabaki na majukwaa yenye mapengo, ikafungwa mabao mawili, mechi ikaisha 2-2. Sidai kwamba mabao yale yaliletwa na viti vitupu. Ninachosema ni kwamba siku chache baadaye wamiliki wa klabu waliomba radhi, wakairudisha bei ya juu pauni 59 na kuahidi kutoipandisha kwa misimu miwili. Mwezi uliofuata vilabu vya ligi hiyo vilikubaliana kwamba shabiki mgeni asitozwe zaidi ya pauni 30 popote anakoifuata timu yake. Tuipige hesabu. Chukua tiketi 3,000 za wageni, kata pauni 20 kwa kila moja: klabu inakosa pauni 60,000 kwa mechi. Kwa mechi 19 za nyumbani ni pauni 1,140,000. Mkataba wa televisheni wa ndani ulioanza msimu uliofuata ulikuwa wa pauni bilioni 5.136 kwa miaka mitatu, yaani wastani wa zaidi ya pauni milioni 85 kwa klabu kwa mwaka. Hakuna klabu iliyofilisika kwa kumwonea shabiki mgeni huruma ya pauni 20.

Wapo wanaosema uwanja ukijaa basi bei ni sahihi, soko limekwisha amua. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mpira ungekuwa sukari. Sukari ikipanda duka hili, unakwenda duka la pili. Mtu wa Yanga hawezi kwenda kununua tiketi ya watani wake Simba eti kwa sababu ni nafuu. Amefungwa na mapenzi, na anayepanga bei anajua hivyo. Isitoshe, kujaa kwa leo hakutuambii nani atakuwapo baada ya miaka kumi. Novemba 2024 Manchester United waliamua kwamba tiketi za wanachama zilizobaki msimu ule ziuzwe pauni 66, bila punguzo kwa mtoto wala mzee. Mzazi mwenye watoto wawili alitakiwa kutoa pauni 198 kwa dakika 90. Uwanja ule utaendelea kujaa, sina shaka. Ila wale watoto watabaki nyumbani, na nyimbo za jukwaani hazifundishwi shuleni. Wajerumani wameliona hilo mapema: pale Dortmund jukwaa la kusini huchukua watu kama 25,000, wengi wao kwa kusimama na kwa bei nafuu, na ni picha ya jukwaa hilo ambayo klabu huitumia kujitangaza duniani kote.

Sasa turudi kwetu. Mei 2021 kampuni ya Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kilichonunuliwa pale ni pamoja na Uwanja wa Mkapa uliosheheni watu 60,000, wekundu wa Simba upande huu, njano na kijani ya Yanga upande ule, filimbi na ngoma tangu mchana. Wengi wa watu hao ni wa mzunguko, na gharama yao haianzi wala haiishii kwenye tiketi. Kuna nauli ya kwenda, nauli ya kurudi usiku wakati daladala zimeadimika na bodaboda amepandisha, kuna maji, kuna chakula, kuna siku ya kazi iliyoachwa. Machi 8, 2025 dabi ya Simba na Yanga iliahirishwa siku ileile ya mchezo, watu wakiwa wamekwisha toka mikoani. Ikachezwa Juni 25. Aliyetoka Mwanza au Mbeya alilipa safari mbili, au alilipa moja na hakuona kitu. Anayeongeza shilingi elfu tano kwenye mzunguko aziongeze akijua zinatua juu ya mzigo huo.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa vilabu vya mikoani. Viongozi wao wanasema: Simba na Yanga wanakuja kwetu mara moja moja kwa msimu, siku nyingine majukwaa ni matupu, na makato ya kodi, ya uwanja na ya vyama hayana msamaha. Tukiacha kupandisha siku hiyo, tutalipa mishahara kwa nini? Ni kweli kwamba huku kwetu mapato ya mlangoni yana uzito kuliko yalivyo kwa matajiri wa England, na mkataba wa televisheni ukigawanywa kwa vilabu 16 unatoa wastani wa shilingi bilioni 1.4 hivi kwa mwaka, ambazo haziwezi kubeba kila kitu. Basi wapandishe jukwaa kuu, wanakokaa wenye uwezo. Sehemu ya mzunguko ibaki kwa bei ya kila siku. Klabu ya mkoani ina mechi 15 za nyumbani, na zile mbili za Simba na Yanga ndizo nafasi yake ya kumwonyesha kijana wa mjini hapo kwamba nyumbani kwake kuna timu. Akifungiwa nje kwa bei atakwenda kutazama kwenye kibanda umiza, na klabu itaendelea kuzicheza zile 13 zilizobaki mbele ya saruji.

Kuna pia suala la walanguzi: tiketi nafuu, wanasema, huishia mikononi mwao. Huo ni udhaifu wa uuzaji, na dawa yake ni kufunga kila tiketi kwenye namba ya mnunuzi na kuikagua getini. Kumtoza maskini bei ya mlanguzi kabla mlanguzi hajamfikia si kumlinda.

Nayasema haya sasa kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027. Kuna mradi wa viwanja vipya: Arusha wa watu 30,000, Talanta pale Nairobi wa watu 60,000, Hoima kule Uganda wa watu 20,000. Kamati za maandalizi zitangaze mapema bei ya kiti cha chini kwa shilingi za kila nchi, zitenge sehemu isiyobadilishiwa bei hata kwenye fainali, na ziruhusu malipo ya simu kwa mtu asiye na kadi ya benki. Mechi za wenyeji zitajaa bila shida. Kazi iko kwenye mechi ya makundi siku ya kazi, alasiri, baina ya timu mbili ambazo hakuna jirani wa uwanja anayezifahamu. Hapo ndipo watakapohitajika watu wa Hoima na wa Arusha wenyewe, na watakuja kama wameuziwa tiketi kwa bei wanayoiweza.