Posho ya Mbwa wa Kunusa Katika Pwani ya Burgao

Bomu la kutegwa likilipuka barabarani, huwa habari. Bomu lililogunduliwa kabla halijalipuka aghalabu huandikwa mstari mmoja tu katika kitabu cha kituo, na magari yakapita. Nyuma ya mstari huo mara nyingi yuko mbwa. Na nyuma ya mbwa kuna gunia la chakula ambalo mtu fulani alilinunua, akalisafirisha na kulihifadhi mahali pakavu. Mazungumzo ya leo yanalihusu gunia hilo.

Majeshi ya Kenya yalivuka mpaka na kuingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na mwaka uliofuata yakaingizwa katika AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika. AMISOM ilifuatwa na ATMIS mwaka 2022, na ATMIS ikafuatwa na AUSSOM Januari 2025. Majina yamebadilika, lakini bomu la kutegwa limebaki kuwa silaha ya adui iliyo rahisi kutengeneza na ngumu kuonekana. Mbwa wa kunusa ni miongoni mwa majibu machache yaliyokwisha kuthibitika. Hata hivyo, zinapopigwa hesabu za mbwa huyo, hutajwa bei ya kumnunua na gharama ya mafunzo yake, na chakula huachiwa mpishi.

Mpishi wa Burgao atakuwa na kazi. Burgao ni bandari ya asili iliyo kati ya Kismayo na Ras Kamboni, ambayo Waingereza wa zamani waliiita Port Durnford. Mbele yake ni bahari ya Wabajuni na visiwa vyao, Chovai, Chula na Koyama. Kandokando yake ni mikoko, na nyuma yake ni nyika. Mzigo wa dukani hufika huko kwa chombo cha baharini au kwa njia ya bara ambayo yenyewe inahitaji kunuswa. Pepo za kusi zinapokaza, kuanzia kama Mei hadi Agosti, vyombo vidogo hufungwa pwani. Basi mfuko ulionunuliwa Nairobi kwa bei iliyoandikwa ubavuni mwake si mfuko uleule ufikapo Burgao. Umekwisha kulipiwa ushuru na kodi kama umetoka ng'ambo, ukalipiwa lori, chombo na wapagazi, na pengine umekwisha kupigwa na maji ya chumvi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mbwa wa kazi mwenye uzito wa kilo 30 huhitaji kiasi cha kilokalori 1,800 kwa siku, na zaidi akifanya kazi nzito. Chakula kikavu kilicho kizuri humtosheleza kwa takriban nusu kilo. Chakula cha mikebe, ambacho robo tatu yake au zaidi ni maji, kitambidi kwa mikebe minne au mitano ya gramu 400. Yaani anayepeleka mikebe Burgao analipa nauli ya maji. Mikebe inafaa kwa dharura, na kwa mbwa mgonjwa asiyetaka kula. Kuifanya posho ya kila siku ni kuichezea fedha ya jeshi.

Wako watakaosema kwamba mabaki ya askari yanatosha. Mbwa wa kijiji huishi kwa mabaki, ni kweli, lakini hakuna anayemtegemea mbwa wa kijiji amwonyeshe bomu. Mchuzi wa askari una vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hukatika vipande vyenye ncha na kumchoma matumbo. Wali mtupu na ugali mtupu hujaza tumbo bila kujenga msuli. Chakula cha mbwa mzima hakitakiwi kupungua asilimia 18 ya protini, ukiondoa maji yake. Tena mbwa aliyedhoofika huhema upesi katika joto la pwani ile, na mbwa anayehema kwa mdomo wazi hawezi kunusa vyema. Hapo askari anayemfuata hajui kama mbwa amepita kimya kwa sababu njia ni salama, au kwa sababu amechoka.

Hatari kubwa zaidi ni chakula cha bei nafuu kilichooza kisirisiri. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mbwa ni dhaifu mno mbele ya sumu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbwa na kuku wengi walikufa nchini Kenya, katika Nairobi, Mombasa na Eldoret, kwa sababu ya chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981 watu 12 walikufa katika wilaya ya Machakos kwa mahindi yenye sumu ileile, na mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Wala si ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Mwishoni mwa 2005 nchini Marekani mbwa wapatao 100 waliuawa na chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi ya namna hiyo. Gunia lenye picha nzuri ya mbwa si hati ya afya.

Kwa hiyo mbwa akikataa chakula, akatapika, na weupe wa macho yake ukageuka manjano, ofisa wa ugavi asimtazame mbwa tu. Aende bohari akatazame mahindi ya askari pia, kwa kuwa huenda yalikaa juu ya sakafu ileile, chini ya paa lilelile linalovuja.

Katika Burgao kuna jambo jingine lililo karibu zaidi na mkono: samaki. Wabajuni ni wavuvi tangu enzi, na paka wa ufukweni hushiba kwa vichwa na matumbo bila kupimiwa na mtu. Samaki aliyepikwa na kutolewa miiba ni nyongeza njema ya chakula cha mbwa. Apikwe, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini. Na achambuliwe na mtu anayewajua samaki, kwa sababu bunju ana sumu isiyotoka kwa kupikwa. Zaidi ya hayo, samaki huyo anunuliwe. Askari mwenye bunduki anayechukua fungu la samaki kwa jina la mbwa, akaondoka bila kulipa, amelitia kijijini jambo ambalo mbwa hawezi kulinusa. Mvuvi aliyedhulumiwa haji tena kusema ni nani aliyeonekana usiku akichimba barabarani.

Pana na adabu ya vyombo. Watu wa pwani hiyo ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mifugo, na wazee wa kijiji wakielezwa kazi ya mbwa wa kunusa wataielewa. Wasichoweza kukielewa ni sufuria ya kuazima iliyorudishwa baada ya kulishiwa mbwa, au mbwa aliyenyweshwa kwenye ndoo ya kisimani. Bakuli la mbwa litiwe alama, na lisafiri naye.

Kituo kitakachokaa na mbwa wawili muda wa kusi, kwa siku 120, kinahitaji kilo 120 za chakula kikavu, na akiba ya mwezi mmoja juu yake, yaani kilo 150. Zinahitajika mapipa yenye vifuniko vya kubana, mbao za kuyainua kutoka sakafuni, na mizani ya kupimia. Vyote hivyo viwe vimefika Burgao kabla ya mwisho wa Aprili, na fedha zake ziombwe Januari.