Taa za Motokaa Zinazocheza

Leo tutazungumza juu ya taa za mbele za motokaa, zile ambazo huwaka, hufifia, kisha huwaka tena kama macho ya mtu mwenye usingizi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: betri, waya, kutu, eathi.

Labda wewe huna motokaa. Si kitu. Huenda ndugu yako ni dereva, nawe hupanda gari lake usiku. Tufanye hesabu kidogo. Gari lendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Taa zikizimika kwa sekunde mbili tu, gari limekwenda zaidi ya mita 30 gizani.

Mimi yalinipata. Nilikuwa natoka Korogwe kwenda Mombo usiku, na taa ya kushoto ilicheza kila gari lilipoingia shimoni. Nilimwona mwenye baiskeli alipokuwa hatua chache tu mbele yangu. Nilimkosa, kwa rehema ya Mungu. Kesho yake nikanunua balbu mpya. Ikacheza. Nikanunua ya pili. Nayo ikacheza! Ugonjwa haukuwa katika balbu hata kidogo. Ulikuwa katika bolti moja yenye kutu.

Sikilizeni sababu. Umeme hutoka katika betri, hupita katika waya, huingia katika balbu, kisha hurudi kwenye betri. Kumbukeni neno hilo: hurudi. Katika motokaa, njia ya kurudi ni bodi lenyewe la chuma. Waya mfupi hutoka nyuma ya taa na kufungwa kwenye bodi kwa bolti. Waya huo mafundi huuita eathi. Bolti ikilegea au ikishika kutu, umeme hukosa njia nzuri ya kurudi, na taa hucheza.

Basi, kabla hujafungua mfuko wa fedha, jiulize: inacheza taa moja, au zote mbili?

Ikiwa ni moja tu, tazama palepale kwenye taa. Zima taa, chomoa soketi ya balbu, uitazame ndani. Ukiona plastiki imeungua au vyuma vimekuwa vyeusi, soketi hiyo haifai tena. Kisha fuata waya wa eathi mpaka kwenye bolti yake. Kuna njia rahisi ya kuupima. Washa taa. Chukua kipande cha waya mnene, shika ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, chenye alama ya kutoa, na ncha ya pili uiguse bolti ile ya eathi. Taa ikitulia na kung'aa, umempata mwizi. Lakini angalia sana, waya huo usiguse kichwa chanya, kwa maana utawaka moto mkononi mwako.

Ukisha mpata, zima taa, fungua bolti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza. Kazi hii haina gharama ila jasho. Ukibadili balbu ya halojeni, usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huifanya ife mapema.

Ikiwa taa zote mbili zinacheza, anza kwenye betri. Zima injini, vua pete na saa, wala usivute sigara hapo, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Tikisa waya kwenye vichwa vya betri. Vikicheza, vimelegea. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho.

Halafu bonyeza ukanda unaozungusha alteneta, injini ikiwa imezimwa. Ukilegea sana, chaji haitoshi. Mwenye kipima umeme atasoma kama volti 12.6 injini ikiwa imelala na betri imejaa, na kati ya 13.5 na 14.5 injini ikiwaka.

Wazee wengine walizoea kuondoa waya wa betri injini ikiwaka, ili kujaribu chaji. Enzi za dinamo walifanya hivyo. Katika magari ya siku hizi usifanye kamwe. Utaunguza alteneta na vyombo vingine vya umeme. Tena, taa za zenoni zina umeme mkali wa kuua. Hizo mwachie fundi.

Sasa swali la darasa. Taa zote mbili zinafifia injini ikienda polepole, na zinang'aa ukikanyaga mafuta. Utaanza kutazama wapi? Jadilianeni, kisha kila mtu aandike jibu lake katika daftari kwa sentensi mbili. Kwaherini.